Besi Waliyoipiga Kabla Wateja Hawajaingia

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza safari ilikuwaje, na mimi nimekuwa nikiwajibu kwa kuwasha rekoda. Athumani ameiunganisha na spika zake pale kibandani, watu wanaoleta redio kutengenezwa wanasimama kusikiliza, na kila mmoja anasema huyo mzee wa besi ni hatari. Wiki ya tatu sasa nimenyamaza. Mara mbili nilifungua mdomo niseme, nikaishia kuomba sigara. Basi naandika, na Athumani atawasomea. Besi mnayoisifu, kuanzia wimbo wa tatu mpaka mwisho, si ya Mzee Nandonde. Ni ya jamaa mwingine, wala hana habari kwamba Songea anasifiwa kwa jina la mtu.

Nitaeleza kituo kwa kituo, ili mkifika pale pa aibu muwe mmeshachoka kunicheka.

Songea hadi Makambako

Mnajua niliacha shule darasa la sita, lakini fanki nimeisoma. Muziki ambao besi inatangulia mbele kama mwenye nyumba, na gitaa linakwangua nyuma yake kama mtu anayetafuta ukoko kwenye sufuria. Nimenasa bendi Mbinga, Tunduru, Njombe, popote niliposikia watu wamechomeka waya ukutani. Kwa hiyo yule mteja wa Athumani aliposema Kariakoo kuna wazee waliobaki, waliopiga fanki enzi za suruali za bugaluu, na kwamba mpiga besi wao anaacha, sikulala nyumbani siku mbili zaidi.

Nilipanda lori la makaa ya mawe la dereva mmoja anayeitwa Kifaru. Kabla hatujamaliza mji nilikuwa nimeshatoa rekoda kunasa injini yake, maana ilikuwa na mdundo mzuri kwenye gia ya tatu. Taa nyekundu ya rekoda ikawaka. Kifaru akaitazama, halafu akaanza kuongea kwa sauti ya kanisani.

"Mimi, ndugu yangu, mafuta ya gari ya watu sijawahi kugusa. Hata lita moja. Mke wangu shahidi."

Nikamwambia Mungu atamlipa. Nilidhani ni mlokole. Njia nzima akawa ananihadithia uaminifu wake, na Makambako akaninunulia robo tatu ya kuku na soda mbili. Nilipokuwa nakwangua mfupa wa mwisho ndipo akauliza, "Sasa bosi utamwambia nini?"

"Bosi gani?"

"Aliyekutuma kunirekodi."

"Mimi? Mimi narekodi muziki tu. Naenda Kariakoo kumfuata mzee wa besi."

Akaniangalia mimi, akaangalia mifupa. "Basi kuku wangu amekufa bure," akasema, na tangu hapo akawa mchangamfu kuliko mtu yeyote niliyewahi kusafiri naye. Mafuta aliyauza Mafinga mbele ya macho yangu.

Makambako hadi bandarini

Klachi ilikufa tukiwa karibu na Ilula. Tulikaa siku moja na nusu kusubiri kifaa kutoka Iringa mjini. Mimi subira sina, lakini udadisi ninao, na udadisi ukipata nafasi unafanana na subira. Pale barabarani akina mama walikuwa wanachambua vitunguu na kuvifunga kwenye magunia, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuvitikisa kwenye ungo. Nikawanasa. Nikanasa mlango wa choo cha gereji, ambao ulilia kwa sauti mbili. Nikanasa Kifaru akikoroma. Tulikula ugali na nyanya zilizochumwa dakika kumi nyuma, mchuzi mwekundu mpaka kwenye viwiko, na nikanasa hata hiyo, watu wakila.

Nawaambia haya kwa sababu kadi ya rekoda ni ndogo. Nilipofika Dar ilikuwa imebaki nafasi ya saa nne na dakika chache. Ningeweza kufuta vitunguu. Niliviona vizuri mno kuvifuta.

Kifaru alinishusha Ijumaa mchana kwenye foleni ya malori ya kuingia bandarini. Foleni haikuonekana ilikoanzia. "Mimi hapa nalala mpaka Jumapili," akasema. "Ukimpata huyo mzee, mwambie besi ya lori langu nayo inaacha kazi."

Bandarini hadi Kariakoo

Nilitembea kwa miguu, begi mgongoni, nikiwa na vumbi la makaa mpaka puani. Kuingia Kariakoo mkokoteni wa kwanza ulinisukuma kwa marobota, wa pili ukanisukuma kwa matusi. Nilikuwa na jina moja tu la kuuliza, Mama Aika, mke wa mzee, anayeuza nyuzi, zipu na vifungo katika mtaa mmoja usio mbali na Msimbazi. Nilimkuta ndani ya kijiduka cha upana wa mlango, mama wa Kilimanjaro wa makamo ya juu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi wa kushonea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nyeusi zimeisha. Zimebaki za kahawia na hizi za bluu."

"Sijafuata zipu, mama. Nimemfuata mzee."

"Mzee yupi? Hapa wazee ni wengi, wote wamekalia mizigo yangu."

Nilipomtaja Mzee Nandonde na kumwonyesha rekoda, alivaa miwani, akaigeuzageuza rekoda mkononi kama anatafuta mahali zipu ilipoanzia. Akanipa kiti na chai ya rangi ya tangawizi. Halafu, huku akimpimia fundi mmoja mita za lastiki, akanieleza kitu ambacho sikukijia.

Wameoana miaka arobaini na moja. Mumewe ametoka Masasi, mtu wa bendi. Yeye ametoka Machame, mtu wa kwaya. Baba yake alikubali posa kwa sharti kwamba binti yake asikanyage baa, na yeye akaapa, na hajakanyaga.

"Kwa hiyo mama hujawahi kumsikia?"

"Namsikia mezani." Akagonga meza ya vifungo kwa vidole viwili, kipande cha mdundo, akakosea, akacheka. "Kila siku akimaliza kula anaugonga. Nikimwuliza wimbo gani huo, Baba Aika, anasema huu ni wako. Miaka yote hiyo, baba. Wimbo wangu mimi naujua kwa mbao."

"Si akupigie nyumbani?"

"Gitaa ni la bendi, na amplifaya ni ya baa. Tungenunua, tungenunua, watoto wakaenda shule." Akakata lastiki kwa meno. "Sasa Jumatatu anaingia hospitali kule Upanga. Sukari. Wanamkata vidole vya kushoto, viwili, labda vitatu. Jumapili ndiyo ya mwisho. Nikamatie huo wimbo, mwanangu. Niusikie hata mara moja."

"Nitakuletea, mama," nikasema. Sikufikiri hata kidogo. Kunasa ndiyo kazi pekee ambayo sijawahi kuiacha katikati.

Jioni Mzee Nandonde mwenyewe akaja kumsaidia kufunga duka. Mrefu, mwembamba, kofia ya kitambaa, mkono wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye umetoka Songea kuja kuninasa? Kwani mimi panya?"

"Hapana mzee, ni besi yako."

"Besi yangu panya zaidi." Akacheka, kisha akanisogeza pembeni, mbali na mkewe. "Jumapili uje saa nane."

"Nimeambiwa mnaanza saa kumi."

"Wateja ndio wanaanza saa kumi. Wewe njoo saa nane. Umesikia? Saa nane."

Nilisikia. Nilichoelewa ni kwamba wazee wanataka mtu wa kubeba spika.

Msimbazi, Jumapili

Saa nane kamili nilikuwa pale, na kweli kulikuwa na spika za kubeba, kwa hiyo nikajiona mwerevu. Baa ni uwanja wa saruji wenye paa la bati katikati ya maghorofa, meza za plastiki bado zimepandishwa moja juu ya nyingine. Wazee walikuwa watano. Anayeongea kwa niaba ya wote ni mpiga drams, Mzee Sadi, mnene, mwenye mazoea ya kuita kila mtu "kijana" hata wenzake wa miaka sabini. Nilibeba, nikavuta waya, nikaweka rekoda yangu juu ya kreti mbele ya amplifaya ya besi. Sikuiwasha.

Ninyi mnajua kwetu kupasha vyombo ni nini. Halo, halo, moja, mbili. Mtu anakaza uzi, anagonga tumba moja, anakwenda kukojoa. Hakuna mtu Songea ananasa kupasha. Na mimi nilikuwa na saa nne na dakika chache, na onyesho lenyewe linachukua saa nne nzima. Nilipowaona wanakaza nyuzi nikajiambia, hapa nina nusu saa ya kula, tangu asubuhi sijatia kitu tumboni.

Nje ya ukuta palikuwa na muuza mishkaki. Jiko lake halikuwa linapepewa kwa kipepeo. Alikuwa amefunga feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, akaiunganisha na betri ya pikipiki, ikawa inapuliza mkaa yenyewe, taratibu.

"Hii umebuni wewe?" nikamwuliza.

"Nani mwingine? Mimi ni injinia, nyama ni njia ya kujificha."

"Betri inakaa muda gani?"

"Inategemea na maswali ya mteja."

Nikauliza mengine. Akanionyesha alivyoongeza swichi ya kupunguza kasi. Akanichomea ndizi juu ya mshikaki wa pili. Na wakati huohuo, ng'ambo ya ukuta, besi ikaanza.

Nitaisema kama nilivyoisikia, kwa sababu sina njia nyingine ya kuwapa. Ilianza peke yake, chini sana, noti nne na shimo, noti nne na shimo, na kwenye lile shimo ungeweza kuingiza pumzi moja. Halafu drams za Mzee Sadi zikaingia humo shimoni, polepole, bila haraka hata kidogo. Gitaa likaanza kukwangua. Hakuna aliyeimba. Muuza mishkaki mwenyewe aliacha kugeuza nyama. Goti langu lilikuwa linacheza, mshikaki uko mkononi, na kichwani mwangu likapita wazo moja ambalo nalijua mpaka maneno yake: hii ni tamu, baadaye wakiipiga kwa kweli nitaipata safi.

"Kila Jumapili wanaipiga hiyo," jamaa akasema. "Watu hawajaingia, ndiyo wanaipiga. Wakishaingia, basi."

Nilichukua muda kuielewa hiyo sentensi. Nikaielewa mshikaki ukiwa mdomoni. Nikakimbia. Nikapita mlangoni nikapiga teke meza, nikafika kwenye kreti, nikabonyeza kitufe, na taa nyekundu ilipowaka Mzee Nandonde alikuwa anateremka noti nne za mwisho. Ya mwisho akaiacha ikae. Amplifaya ikanguruma kidogo. Akainua uso, jasho linamtiririka, bandeji ina doa jekundu kwenye kidole cha pete. Walikuwa wananitazama wote watano.

"Mgeni," akasema, "umeipata?"

"Nimeipata, mzee," nikasema.

Mzee Sadi akapiga sahani ya drams zake mara moja, wakacheka kwa furaha, na wateja wa kwanza wakaanza kuingia.

Niliwasha rekoda tena wimbo wa kwanza ulipoanza. Huo na wa pili ndizo nyimbo alizopiga mzee mwenyewe. Kuanzia wa tatu aliingia yule jamaa mwingine, na mzee akaenda kukaa nyuma ya jukwaa, mkono wake kwenye ndoo ya barafu. Wakati wa mapumziko nilimfuata Mzee Sadi. Nilitaka kuuliza kwa ujanja.

"Ile ya mezani, ya Mama Aika, mnaipiga saa ngapi?"

"Kijana, si ndiyo tuliyoanza nayo? Ile haipigwi mbele ya wateja. Wateja wanataka rumba, wanataka kucheza wamekumbatiana. Fanki ni ya kwetu, tunapashia. Leo tumeipiga yote kwa ajili ya chombo chako. Kwa kawaida mkono unamzuia katikati."

Nikaenda nyuma ya jukwaa. Nilikuwa nimeshaamua kusema. Mzee alikuwa amefumba macho, barafu yote kwenye ndoo imekuwa rangi ya soda ya zabibu.

"Sasa hata wakate," akasema bila kufumbua. "Imeshakaa mahali."

Ningemwomba vipi arudie? Nilimletea barafu nyingine.

Msimbazi hadi Upanga

Jumatatu alfajiri tulipanda bajaji watatu, mzee katikati. Mama Aika alikuwa amebeba kikapu chenye uji, shuka na kitabu cha nyimbo za kwaya. Pale Upanga, kwenye mti wa getini, mzee alinishika bega kwa mkono mzima.

"Umeshamsikilizisha?"

"Bado mzee. Naisafisha kwanza, ina kelele."

"Isafishe. Lakini usiisafishe sana, atadhani ni redio."

Mama Aika akacheka. Mimi nikacheka. Wakaingia, na mimi nikabaki nje nikimwangalia dereva wa bajaji akifunga kioo chake kwa mpira, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikutaka kujua anafungaje.

Kariakoo, Jumatano

Siku mbili nilizunguka mjini nikitafuta uongo. Betri iliisha. Kadi iliharibika. Nilikuwa na wazo la kumwendea yule mpiga besi mwingine anipigie kitu kinachofanana. Jumatano nikaenda dukani nikiwa sina hata kimoja.

Mama Aika alikuwa peke yake. Alisema walikata viwili, mzee anaendelea vizuri, ameomba pilipili. Halafu akafuta mikono kwenye khanga, akavua miwani, akakaa.

"Haya. Nipe."

Nilimvisha spika za masikioni. Nikabonyeza. Kipande chote kina sekunde kumi na moja. Niliona machoni mwake noti nne zilipopita, niliona alipoisikia ile ya mwisho ikikaa. Halafu nikaona midomo yake inafuata maneno: mgeni, umeipata? Na halafu akaniangalia, kwa sababu alikuwa amefika kwenye sauti yangu.

"Mbona imekwisha?"

Nikamwambia. Mishkaki, feni, ukuta, yote. Mteja mmoja alisimama akitaka sindano za cherehani, mama akamwonyesha kwa kidole aende duka la pili.

"Ulikuwa unakula," akasema.

"Ndiyo mama."

"Na yeye alikuwa anapiga."

"Ndiyo mama."

Akaanza kupanga vifungo vya mashati kwa ukubwa, ingawa vilikuwa vimeshapangwa. Nilitamani anitukane. Kisha akavaa tena zile spika mwenyewe, akaninyooshea rekoda.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akaisikiliza mara tano. Mara ya tano aligonga meza kwa vidole viwili pamoja nazo, zile nne za mwisho, na hakukosea.

"Umemwambia?" akauliza.

"Bado. Naenda leo hospitali kumwambia."

"Huendi." Akavua spika. "Wewe ulishamwambia umeipata. Basi umeipata. Akiniuliza, nitasema nimeusikia."

"Mama, wewe mtu wa kwaya."

"Ndiyo, nami ndiye nitakayekwenda kutubu, si wewe. Wewe nenda kwenu." Akanifungia mkate wa kumimina kwenye gazeti, akaongeza zipu mbili za kahawia kwa ajili ya begi langu, ambalo nilikuwa sijui kama ameliona limekatika.

Nyumbani

Njia ya kurudi sikuinasa. Mafinga basi lilisimama, wamama wakapita dirishani na mahindi ya kuchoma, kijana mmoja kiti cha nyuma alikuwa anapiga filimbi vizuri sana, na rekoda ilikaa ndani ya begi nyuma ya zipu mpya. Ilula, kabla ya hapo, nilikuwa nimefumba macho. Vitunguu bado vimo kwenye kadi, dakika hamsini na tatu. Nimejaribu kuvifuta na kidole kimekataa. Sasa vikae tu, nivisikie.

Juzi, wakati ninyi mko kibandani mnabishana kama mzee alikuwa anatumia kidole gumba au cha shahada, simu yangu iliita. Mtakumbuka nilitoka nje. Alikuwa yeye. Sauti yake nzima, ya utani kama kawaida.

"Mwenye panya! Umefika salama?"

"Nimefika mzee. Shikamoo. Mkono?"

"Marahaba. Mkono umepungua uzito." Akacheka, halafu akateremsha sauti, nadhani mkewe alikuwa chumba cha pili. "Sikiliza. Mama Aika ameusikia. Nilimwuliza, siyo mara moja. Unajua yule, hasemi uongo, kwa hiyo nilimbana. Nikamwambia, haya, niambie, wapi pamekugusa?"

Nilikuwa nimesimama kwenye jua, Athumani ananipungia mkono niingie, wimbo wa tatu umeanza.

"Akasema nini, mzee?"

"Akasema pale mwisho. Pale noti nne za mwisho zinaposhuka, na ile moja inabaki. Akanigongea mezani, kijana. Sawasawa kabisa. Miaka arobaini na moja alikuwa hajawahi kuipata."

Nilisikia akigonga kitu, meza, karibu na simu.

"Umenasa vizuri wewe," akasema. "Pale mwisho pametoka, eh?"

"Ndiyo mzee," nikasema. "Pale mwisho pametoka."